Manjano ya Sulochana

Nimeona mnavyoulizana kwenye grupu kuhusu ile kazi ya mtaa wa Muaither, huku kwa Waarabu. Anatakiwa dada anayejua Kiswahili, akae na mtoto wa miaka minne, chumba chake mwenyewe, Ijumaa apumzike. Wengine mmeshaanza kukimbilia. Fiona, wewe mgeni uliyefika huku juzi kutoka Kisumu ukaingia grupu, ndiye wa kwanza kuuliza pasipoti itumwe wapi. Mnasema Sabra mwenyewe katuma sauti, kasema Madamu mpole, kazi nyepesi, njooni. Nimeisikiliza sauti hiyo mara tatu. Ni yangu kabisa, hata kile kicheko changu cha puani kimo.

Sasa hebu tulieni mnisome. Mnanijua, mimi si mtu wa kuandika. Mimi ni wa kurekodi dakika nane huku nakaanga vitunguu, mpaka Velma ananitukana kwamba namalizia bando lake. Leo naandika, na sababu mtaiona wenyewe.

Mwezi wa sita nilikuwa bado Al Thumama, kwa dada yake huyo Madamu. Nyumba ya watoto sita, wote wakorofi. Mgongo ulikuwa umeniisha, pete inachomoka kidoleni kwa kukonda. Kila Ijumaa bosi wangu alikwenda kula chakula cha mchana kwa dada yake Muaither, na mimi nikibebwa pamoja na mabegi ya watoto. Ijumaa hizo ndizo zilikuwa pumzi yangu, maana mpishi wa nyumba ile alikuwa Da Mariamu, mtoto wa mama yangu mkubwa. Tumekua nyumba moja Pangani. Yeye ndiye aliyenifundisha kusuka, kupika na kutukana.

Mwenzake Mariamu mle ndani alikuwa Sulochana, Mnepali, mlezi wa mtoto. Mtoto anaitwa Lulwa. Ana miaka minne na alikuwa hajawahi kutamka neno hata moja. Anasikia, anacheka, anakuvuta nguo akitaka maji, lakini neno, hakuna. Madaktari wamempima, masheikh wamemsomea, asali amelambishwa, wapi! Madamu alikuwa akijifungia analia. Mtoto mwenyewe hakuwa na habari, alimng'ang'ania Sulochana mchana kutwa.

Ijumaa moja tulikuwa tunaparua samaki, changu kutoka soko la Abu Hamour, Sulochana akatuita chumbani kwao. Alimwita Mariamu "Didi", kwao ni dada. Walipendana, msidhani vingine. Mariamu akienda sokoni alimletea maua ya njano, na hakuwahi kuuliza ya nini. Siku hiyo Sulochana alitaka kutuonyesha ya nini. Akafungua kabati lake la nguo, akasogeza sweta.

Nyuma ya sweta palikuwa na picha ndogo, inaingia kiganjani. Mwanamke aliyevaa njano tupu, kakaa kwenye kiti cha dhahabu. Mkono wa kulia kainua rungu. Mkono wa kushoto kashika ulimi wa mwanamume aliyepiga magoti mbele yake, kauvuta nje mpaka umenyooka. Picha ilikuwa imevishwa mkufu wa manjano mazima, vipande mia na vinane vilivyotungwa kwa uzi.

"Yarabi toba," Mariamu akasema. "Hili jini gani?"

"Si jini, Didi. Ni mama yetu, Bagalamukhi." Sulochana alizungumza kile Kiarabu chetu cha jikoni, polepole ili tumwelewe. Akatuambia zamani palikuwa na pepo aliyeomba na kuomba mpaka akapewa kipaji: kila atakachosema kinakuwa. Akisema kufa, unakufa. Dunia ikawa inaharibika kwa maneno yake. Ndipo mama huyu akatoka kwenye ziwa la maji ya njano, akamshika ulimi kabla hajamaliza neno.

"Watu wote wanaangalia rungu," akasema. "Rungu halijashuka. Angalieni mkono mwingine."

Kwao Nepali, akasema, mtu mwenye kesi ya kusingiziwa huenda hekaluni kwake siku ya Alhamisi, amevaa njano, kumwomba amnyamazishe mwongo. Yeye hakuwa na kesi na mtu. Aliamka kila alfajiri kumwombea Lulwa, kwa sababu mkono unaoweza kushika ulimi unaweza pia kuuachia. Alisema hivyo kwa unyenyekevu mpaka mimi nikaona haya kwa kuogopa.

Mariamu alikuwa hayupo tena kwenye hadithi. Alikuwa ameshavunja ncha ya kipande kimoja kwa ukucha, ananusa. "Mdogo wangu, nusa manjano haya! Mtu anayaninginiza kabatini na sisi tunapikia unga wa rangi wa dukani." Sulochana akacheka, akamwondoa mkono taratibu. Akasema hayo yameshakabidhiwa, hayaliwi.

Wiki mbili baadaye nikamlilia Mariamu begani. Nikamwambia nyumba ya Al Thumama itanizika. Akanipangusa machozi kwa kanga yake. "Nitakuleta hapa," akasema.

"Nafasi iko wapi, Da Mariamu?"

Alitazama mlango wa chumba chao. Nami nikaelewa, nikaendelea kukuna nazi. Sitaki kuwadanganya, nilielewa pale pale.

Jumatano moja ya mwezi wa saba Mariamu alichukua chanuo la Lulwa, akatoa nywele. Akazifunga kwenye ile picha kwa uzi wa njano, akazizungusha pale pale penye ulimi. Kisha akaenda kumwita Madamu, akamfungulia kabati. Jamani, fikirieni. Mama ambaye mwanawe hasemi, unamwonyesha picha ya mwanamke anayevuta ulimi, na nywele za mwanawe zimefungwa hapo. Ungeuliza nini tena? Madamu alianguka chini akapiga yowe. Alipoinuka alimpiga Sulochana kwa kiatu mpaka kisigino kikavunjika.

Nikapigiwa simu. Nilikuwa naosha choo. Madamu akauliza, Mariamu anasema na wewe ulikuwepo Ijumaa, ulimwona huyu akifanya sihiri?

"Aiwa," nikasema. "Nimeona."

Maneno mawili, kwisha. Jioni ile ile nikaambiwa nifunge mabegi yangu, nahamia Muaither kumlea Lulwa. Sulochana alipandishwa juu ya paa, kwenye kile chumba cha matangi ya maji, mlango ukatiwa kufuli. Baba mwenye nyumba alikuwa safarini, anarudi Jumamosi. Yeye ndiye angeamua: polisi kwa kosa la uchawi, au aachwe. Mariamu aliniambia Sulochana alipokuwa anavutwa ngazini hakulia wala hakubisha. Alimgeukia yeye tu, akamnong'oneza.

"Didi, mama yetu amekusikia."

Alhamisi Madamu akaamuru vitu vya mchawi vichomwe vyote. Mariamu aliviteketeza kwenye pipa nyuma ya nyumba, picha, nguo, sweta. Manjano hakuyachoma. Roho ya mpishi ilikataa. Aliyachomoa kwenye uzi moja moja, akayatwanga yote, vipande mia na vinane, akapika mchuzi wa changu na nazi, sufuria nzima, wa kunikaribisha mimi. Rangi yake sijawahi kuiona. Tukakaa chini jikoni tukala kwa mkono. Mariamu alikula mpaka akafuta sufuria kwa mkate. Mimi nilikula kidogo, nikaramba vidole. Niwe mkweli, ulikuwa mtamu.

Rangi haikutoka. Tulisugua kwa sabuni, kwa ndimu, kwa dawa ya choo. Mkono wa kulia wa Mariamu ulibaki njano mpaka kwenye kifundo. Tukacheka. Usiku ule nililala kwenye kitanda cha Sulochana, godoro zuri, shuka safi, nikalala fofofo.

Ijumaa wageni walikula wakaondoka mapema kwa sababu ya joto. Mnajua mwezi wa saba ulivyo hapa, bomba la maji ya baridi linatoa maji ya kuchemsha chai. Mariamu alichukua ufunguo kwenye msumari wa jikoni, akapanda paani kwa siri na chupa ya maji. Aliporudi uso ulikuwa umemshuka.

"Midomo imepasuka yote," akanong'ona. "Chumba ni tanuri. Atakufa yule, Sabra. Nimempa maji, ameniuliza Lulwa amekula?"

Juu yetu bomba linalotoka kwenye matangi likagongwa. Ngo. Ngo. Ngo. Mariamu akafunga macho. "Nakwenda kumwambia Madamu," akasema.

Nikamshika mkono. "Na mimi je?"

"Utarudi Al Thumama."

"Sirudi! Nasema sirudi kule, Da Mariamu. Jumamosi ni kesho tu, hatakufa kwa siku moja." Nilimvuta, wallahi nilimkwaruza. Alinitazama kama mtu asiyenijua. Akajinasua akaenda, nami nikamfuata nyuma.

Ilikuwa saa nane mchana. Sebuleni kiyoyozi kinavuma. Madamu kwenye kochi na simu yake, Lulwa kwenye zulia anapanga vibao vyake. Mariamu akasimama katikati. Akavuta pumzi.

"Madamu," akasema.

Akafungua kinywa kusema la pili. Halikutoka.

Ulimi ulitoka.

Ulitoka taratibu. Hakuutoa yeye. Mikono yake yote miwili ilikuwa inaurudisha ndani. Haukurudi. Ulinyooka. Ulifika kidevuni. Ukawa unabonyea, hapa na hapa, mahali ambapo hapakuwa na kitu. Alama moja pana juu. Nne chini. Kisha zile alama zikaingia rangi ya njano.

Hakuna damu iliyotoka. Alipiga magoti. Macho yalikuwa yananiomba.

Na Lulwa akasema.

"Madamu, nisamehe. Nywele nimezitoa mimi kwenye chanuo. Nimezifunga mimi. Sulochana hana kosa. Na Sabra hakuona kitu."

Kwa Kiswahili. Kiswahili cha Pangani, kwa sauti ya Mariamu, nzito, yenye kikohozi chake cha asubuhi. Mtoto hakuinua hata kichwa. Alikuwa anapanga vibao.

Sijui Madamu alisikia sauti gani. Nadhani alisikia sauti ya mtoto tu, maana alidondosha simu akamrukia mwanawe, akamkumbatia, akalia, alhamdulillahi, alhamdulillahi. Hakumwona kabisa Mariamu pale chini. Huku watoto wengi huanza kwa lugha ya jikoni kabla ya lugha ya mama zao, kwa hiyo hakushangaa.

"Ni lugha yenu!" akasema, anacheka na kulia. "Kajifunza kwenu! Sabra, mwanangu anasema nini? Niambie. Anasema nini?"

Bomba likagongwa juu. Ngo.

Nilikuwa na jibu mdomoni. Nilichotakiwa ni kutafsiri tu, wala sikuhitaji kutunga. Mtu mmoja tu katika nyumba ile alielewa yaliyosemwa na alikuwa na ulimi wa kuyarudia, naye ni mimi. Nikawaza watoto sita. Nikawaza choo cha Al Thumama. Nikawaza lile godoro.

"Anasema anakupenda, Madamu," nikasema. Nikacheka kidogo, kwa woga. "Anasema mchawi kaondoka, sasa ulimi wake umefunguliwa."

Ile ya pili sikuombwa. Niliiongeza mwenyewe, kunogesha. Madamu akampigia mumewe pale pale: mtoto kasema, kwa hiyo ni kweli, yule ndiye aliyemfunga. Ndipo akamwona Mariamu na ulimi wake. Hata hilo halikumtia shaka. Akasema mchawi analipiza kisasi kwa aliyemfichua, akampa pole.

Jumamosi adhuhuri Baba akafika, wakamteremsha Sulochana. Alitembea kwa kushikiliwa. Ngozi ya uso ilikuwa imebabuka. Walipompitisha mlango wa jikoni Lulwa akanitoka mikononi, akamkimbilia, akamkumbatia magoti. Nikamfuata kumtoa. Mtoto akanigeukia na kusema, kwa Kiswahili, kwa sauti yangu:

"Anasema anakupenda, Madamu." Na kicheko cha puani. "Anasema mchawi kaondoka, sasa ulimi wake umefunguliwa."

Sulochana hajui Kiswahili. Lakini alimtazama mtoto, akanitazama mimi, akajua. Nilitegemea anilaani. Hakunilaani. Alinionea huruma, na hiyo huruma ndiyo ninayoiona kila nikifumba macho.

Nikafungua kinywa. Wallahi nilitaka kusema kweli, mbele yao wote, kwa Kiarabu chochote nilichokuwa nacho. Mkono ukaingia. Ulikuwa wa joto. Nilihisi dole gumba juu, vidole vinne chini. Ulinukia mchuzi wa changu.

Wakamtia Sulochana garini wakampeleka polisi.

Mariamu karudishwa Pangani. Mama mkubwa ananiambia hospitali hawakuona ugonjwa, ulimi umerudi ndani lakini haufanyi kazi, na alama zipo pale pale. Mimi sikurudishwa. Madamu aliona mikono yangu ni mizima, na mtumishi bubu kwao ni neema. Napika, nafua, nanyoosha nguo, na nalala kwenye kitanda cha Sulochana. Yeye bado yuko rumande, kesi haijaamuliwa.

Lulwa anasema mchana kutwa sasa. Kila saa nane anasimama mbele ya mama yake, anamwambia kweli yote kwa sauti ya Mariamu. Kisha anamwambia uongo wangu kwa sauti yangu. Madamu anapiga makofi, anambusu, anageuka kuniuliza, halafu anakumbuka kwamba mimi sisemi. Akiinua simu amrekodi, mtoto hufunga mdomo. Ndiyo maana anatafuta mtu wa Kiswahili. Shida yake ni moja, ajue mwanawe anasema nini. Kwa hiyo atakayekuja, swali hilo ndilo la kwanza ataulizwa, na Sulochana atatoka au atabaki kwa jibu lake. Mtafsirieni kama mtoto anavyosema. Msipunguze, msinogeshe.

Mtaniuliza, wewe Sabra si unaandika hapa? Si umwandikie Madamu, simu yake itamtafsiria? Naweza. Kila siku naishika simu. Lakini ufunguo wa kile chumba cha matangi unaning'inia jikoni kwenye msumari, mbele ya uso wangu, na mimi mwoga naogopa kufungiwa humo. Nimesema. Nitukaneni.

Na kuhusu ile sauti ya jana. Niliacha simu mezani nikaenda kuanua nguo. Niliporudi ilikuwa imeshatumwa, na kioo kimejaa alama za vidole vidogo, za njano. Manjano hayapo nyumba hii, tuliyala yote siku ile. Nimefuta kwa siki, kwa mafuta ya taa, hazitoki. Ninawasoma ninyi kupitia humo.

Fiona, nimeona sasa hivi umeandika kwamba pasipoti umeshaituma na Madamu kakupokea, unaanza Jumapili. Sijawahi kuisikia sauti yako. Tafadhali rekodi hapa maneno mawili matatu, yoyote, hata salamu, nilinganishe. Tangu asubuhi Lulwa yuko mlangoni kwangu, anasema kwa sauti ya tatu, ya msichana, laini, yenye lafudhi ya Kisumu. Anarudia maneno yale yale. "Ati anasema anakupenda, Madam."